Daftari la safari yetu: kigango kwenda kurekodi nyimbo Kanisa Kuu Tabora

Dominika, 6 Julai

Barua imesomwa leo baada ya matangazo ya ndoa. Kituo cha televisheni kinakuja Tabora mwezi wa nane kurekodi kipindi cha nyimbo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia, kirushwe karibu na sikukuu ya somo wa kanisa hilo, tarehe 1 Oktoba. Parokia zote zipeleke waimbaji. Kigango chetu, yaani tawi letu la parokia huku kijijini, tumepewa nafasi 20. Katekista alipofika mstari wa mwisho alisita, akarudia kuusoma: wanaoitwa si kwaya, ni waumini. Hakuna kwaya itakayopanda mbele ikaimba huku wengine wakisikiliza. Kanisa zima litaimba, na kamera zitapita katikati ya mabenchi.

Huu ni mwaka wangu wa sita katika ukatibu wa kwaya, na mstari ule umenigusa kuliko matangazo yote niliyosikia mwaka huu. Nimeona Misa zetu zinakokwenda. Kila baada ya wiki mbili tunafundishana wimbo mpya, mgumu, wenye sauti nne na marudio mengi, na waumini wamesimama wanatutazama. Mama zetu waliokuwa wakiimba mpaka bati linatetemeka sasa wamefunga midomo, kwa kuwa wimbo wa leo hawaujui, na wa Dominika ijayo hawatapewa muda wa kuujua. Uimbaji wetu wa kwaya naupenda, lakini jambo hili limekuwa likinisumbua usingizini.

Nimefungua daftari hili ili kila hatua iandikwe, na katibu atakayenifuata asianze gizani. Waliojiandikisha leo ni 31.

Jumatano, 9 Julai

Orodha ya nyimbo imefika na bodaboda kutoka parokiani. Nyimbo ni tisa, zote za zamani. Saba tunazijua kwa moyo, mbili zinahitaji kazi. Nimetoa nakala mjini, kurasa 14 kila seti, seti 25.

Kwa kijana atakayesoma hapa baadaye: nota zetu ni za sol-fa, yaani d r m f s l t, si zile za mistari mitano. Herufi d haina mahali pa kudumu. Juu ya karatasi pameandikwa do ni F au do ni G, na mwalimu akishaitoa sauti hiyo, wote tunahesabu kutoka hapo. Nukta mbili zinatenganisha mapigo. Kistari cha kulala kinakuambia uendelee kuishika sauti uliyo nayo, usiiachie. Kwa namna hii mtu asiye na kinanda wala umeme anaweza kuusoma wimbo mzima wa sauti nne akiwa amekaa chini ya mwembe. Nadhani ndiyo sababu nota hizi zimedumu huku kwetu.

Shida imejitokeza kwenye wimbo wa Bikira Maria. Mwisho wa mstari wa tatu karatasi inasema s : f | m : – na basi. Sisi hatuimbi hivyo. Kwetu sauti ikifika s inapanda kidogo, inagusa l, inavutwa hapo, kisha inashuka taratibu mpaka m, na pigo moja linaongezeka ambalo kwenye karatasi halimo. Nilikuwa sijawahi kuliona jambo hili kwa sababu sikuwahi kuuimba wimbo ule kwa kusoma. Niliupokea mgongoni mwa mama.

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi ya kwanza. Wamefika 27. Mwalimu wetu ameanza na nyimbo mbili ngumu, sauti moja moja. Besi wanajitahidi. Sauti ya pili wanapotea kila wanapokutana na sauti ya kwanza, wanaifuata. Ni tabia ya kawaida, itatoka kwa kurudia.

Tulipofika kwenye wimbo wa Bikira, mwalimu aliufundisha kama ulivyoandikwa. Vijana wakakata vizuri kwenye m. Nyuma yao, sauti moja ikabaki hewani, inavuta. Ilikuwa ya Bibi wa jumuiya ya Mtakatifu Anna, mkubwa kuliko sisi sote kigangoni.

Nikamfuata baada ya mazoezi. Alikuwa amekaa kwenye tofali, kitabu chake mapajani, kile cha sala na nyimbo kilichochapwa na TMP (Tanganyika Mission Press) hapa hapa Tabora, jalada limeondoka, kimefungwa kwa kipande cha kitenge.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mwanangu. Kwaya inaendelea?”

Nikamwuliza kuhusu ile sehemu ya kuvuta, aliipata wapi. Akafikiri, kisha akasema alifundishwa akiwa mkatekumeni, anajiandaa kubatizwa, miaka ya hamsini, na katekista aliyekuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Wakati ule Misa yenyewe ilikuwa Kilatini. Watu walichokielewa ni mahubiri na nyimbo. Yule katekista hakuwa na kinanda wala karatasi. Aliimba mstari, wao wakaurudia, akaimba tena. “Pale alikuwa anavuta,” Bibi akasema, “kwa sababu ndipo tunapomwita Mama. Mtu akimwita mama yake hakati.”

Niliandika maneno hayo palepale kwenye karatasi ya mahudhurio.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika 24. Nyimbo nne tayari. Sauti ya pili sasa inasimama peke yake. Tumechagua majina 20: wanakwaya 12, na 8 ambao si wanakwaya, wakiwemo wazee watano. Kulikuwa na manung'uniko. Dada wawili wa sauti ya kwanza walioachwa wameumia, na mimi naona wana haki ya kuumia. Wameombwa waendelee na mazoezi kama akiba.

Jumamosi, 26 Julai

Leo nilikuwa Tabora kwenye kikao cha makatibu na walimu, ndani ya Kanisa Kuu lenyewe. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu haya ndiyo watu wetu wanapaswa kuyaelewa kabla ya kupanda gari.

Mtayarishaji wa kipindi ni dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole, anaongea polepole. Alianza na mavazi. Nyeupe tupu hapana. Kamera ikikutana na gauni jeupe inajipunguzia mwanga, na uso wa mtu mweusi unazama, macho hayaonekani. Mistari myembamba ya karibu karibu hapana, maana kwenye skrini inacheza kama maji. Vitenge ndiyo, vya rangi yoyote, ila visiwe na maandishi, picha za watu wala matangazo. Sare za kwaya tusivae kabisa. Hapo makatibu wengi walilalamika. Mimi nilifurahi.

Akaendelea: kila wimbo utaimbwa mara nyingi. Mara ya kwanza ni kwa ajili ya sauti, vipaza sauti vyote vinafanya kazi na kamera zinasimama mbali. Halafu unaimbwa tena na tena huku kamera zikisogea karibu, mara kwa watoto, mara kwa wazee, mara kwa mpiga kinanda. Baadaye wanakata na kuunga vipande. Kwa hiyo ukikaa mahali, ndipo mahali pako mpaka jioni. Kilemba ulichofunga asubuhi usikifungue. Mama akishika rozari mkono wa kulia kwenye mara ya kwanza, aishike kulia mpaka mwisho, vinginevyo kwenye televisheni itaonekana inaruka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Kilichonifundisha zaidi ni jambo la mwangwi. Mwalimu atakayetuongoza, ambaye ni wa mjini, alipiga kofi moja katikati ya kanisa tupu. Tukasikia kofi, kisha tukasikia kanisa likilitafuna kofi lile mpaka likaisha. Akatueleza kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyekaa mita 34 kutoka kwenye kinanda anakisikia kimechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akiimba kwa kukifuata kinanda, sauti yake nayo inachelewa hivyo hivyo kurudi mbele. Mabenchi ya nyuma yanajiona yako sawa, ya mbele yanajiona yako sawa, na vipaza sauti vinapokea fujo. Dawa ni moja: usiimbe kwa masikio, imba kwa macho. Mwanga haucheleweshwi na kanisa. Tazama mkono.

Sisi huku hatujazoea mkono. Kwaya yetu inaimba kwa kusikilizana, na waumini wanamfuata yule mama mwenye sauti kubwa benchi la pili. Nimerudi nikiwa na wazo la zoezi.

Baada ya kikao nilibaki kidogo nimekaa. Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878, miaka kumi tu tangu shirika lao lianzishwe kule Algiers, na tangu siku hizo watu wa nchi hii wamekuwa wakiimba nyimbo ambazo nyingine tuni zake zilitoka Ulaya. Zimepita vinywani mwa Wanyamwezi kwa vizazi vingapi? Hazikuweza kubaki vilevile.

Jumamosi, 2 Agosti

Mazoezi hayakufanyika. Tumezika. Marehemu alikuwa mfugaji nyuki na baba wa mmoja wa besi wetu. Tuliimba usiku kucha msibani, na nyimbo tatu kati ya tisa zimo katika zile tulizoimba. Hakuna aliyetazama karatasi.

Jumatano, 6 Agosti

Zoezi la mkono. Nimewapanga uwanjani mbele ya kanisa, mstari mmoja mrefu, kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mbali. Mwalimu akasimama mlangoni. Mara ya kwanza waimbe wakiwa wamefumba macho, wakisikilizana. Waliokuwa mtini walichelewa, kila mtu aliwasikia. Mara ya pili wafumbue macho, wautazame mkono. Ikanyooka. Mzee mmoja wa besi akapaza sauti, “Kumbe!” Nadhani tumepiga hatua kubwa kuliko wiki zote tatu zilizotangulia.

Bibi haoni mbali. Mkono wa mwalimu kwake ni kivuli tu. Tumekubaliana mjukuu wake akae naye benchi moja na amgonge goti taratibu kwenye pigo la kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Fedha. Kukodi Coaster kwenda na kurudi ni shilingi 280,000. Chai na chakula cha mchana, tukibeba wenyewe, 60,000. Nakala za nota 35,000, nilizilipa mimi. Jumla 375,000.

Tulitegemea malipo ya tumbaku yawe yametoka. Hayajatoka. Mnunuzi wetu alipokea mzigo mwezi wa tano na mpaka leo wakulima wanaambiwa wasubiri. Familia tisa kati ya zile zinazopeleka waimbaji ziko kwenye foleni hiyo. Watu hawa wamepima tumbaku, wamefunga marobota, wameyakabidhi, halafu wanashindwa kutoa elfu kumi na tano ya nauli. Inauma, na nimeiandika hapa kwa sababu ni sehemu ya mradi huu kama zilivyo nota.

Kilichotuokoa ni asali. Familia ya yule marehemu tuliyemzika juzi imetoa ndoo moja ya lita 20, wakasema baba yao aliacha neno kwamba iende kanisani. Tumeiuza mjini. Wengine wametoa mahindi, na jumuiya mbili zimechanga taslimu. Pengo lililobaki ni 40,000, na wiki mbili zipo.

Jumapili, 10 Agosti

Ujumbe umeingia kwenye simu ya katekista, kutoka kwa mratibu mmoja wa kazi hii. Nafasi zimepunguzwa kutoka 20 hadi 16, na tunaombwa “kuwapa kipaumbele vijana wanaosoma nota, kwa kuwa kusimama ni kwa muda mrefu.”

Wazee watano wanatoka, basi, na Bibi akiwa wa kwanza.

Sikulala. Nimechukua nyaraka za Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye kabati la katekista na kuisoma Konstitusio ya Liturujia, hati yake kuhusu ibada, ile iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963. Kifungu cha 114 kinataka kwaya zikuzwe, ndiyo, lakini palepale kinawadai maaskofu na wachungaji wahakikishe waumini wote wanaweza kushiriki sehemu inayowahusu. Kifungu cha 119 kinasema watu wa nchi za misioni wana muziki wao wenyewe, na muziki huo upewe heshima unayostahili. Hayo ni maneno ya Mtaguso, yamekuwepo tangu Bibi akiwa msichana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda parokiani kwa baiskeli, saa mbili njiani.

“Tumsifu Yesu Kristu, Baba.”

“Milele amina. Umekuja na vumbi lote la barabarani, kaa kwanza.”

Nikammiminia yote yaliyokuwa moyoni mwangu. Baba Paroko alisikiliza bila kunikatiza, akanionyesha kiti alichokuwa amekalia, akasema, “Kama tatizo ni kusimama, viti vipo.” Akampigia simu mratibu nikiwa palepale. Nafasi zimebaki 16, hilo halikubadilika. Lakini kuchagua ni kwetu, na wazee watakaa kwenye viti vya pembeni mwa mabenchi, wanaimba wakiwa wamekaa.

Imetubidi kupunguza wanakwaya wanne. Mmoja wao ni mimi. Nitakwenda kama msimamizi wa kundi, bila kuimba.

Ijumaa, 15 Agosti (Kupalizwa Bikira Maria)

Tumeuimba wimbo wa Bikira kwenye Misa, waumini wote, kwaya tukiwa tumetawanyika mabenchini kwa makusudi. Ni mara ya kwanza kufanya hivyo. Kanisa lilijaa sauti mpaka padri akageuka kututazama.

Jumamosi, 16 Agosti

Mazoezi ya pamoja mjini, kundi letu na vigango vingine vitano. Mwalimu wa mjini aliisikia ile sauti ya kuvuta, akasimamisha. Akaomba aliyeiimba aiimbe peke yake. Bibi akaimba mstari wote akiwa amekaa, mikono miwili juu ya fimbo yake. Mwalimu alisikiliza, akamshukuru, akasema ni nzuri, ila tutakuwa zaidi ya 300, na watu 300 wakishuka kila mmoja kwa wakati wake hatutaeleweka. Tufuate karatasi.

Nilitaka kusema kitu. Kwa upande wa kazi yake alikuwa sahihi. Niliusikia mwangwi ule mwenyewe. Bibi akajibu kabla yangu: “Sawa, mwalimu. Karatasi ni ya wote.” Njiani kurudi hakuongea, na sikumwongelesha.

Jumatano, 20 Agosti

Pengo limezibwa. Coaster imelipiwa nusu.

Jumamosi, 23 Agosti: siku ya kurekodi

Saa tisa na nusu usiku nilikuwa nagonga milango. Baridi ya mwezi wa nane huku kwetu inaingia kwenye mifupa. Akina mama walijifunika mablanketi juu ya vitenge. Saa kumi alfajiri gari likaondoka. Watu 16, mimi wa 17, mjukuu mdogo asiyehesabiwa, chupa nne za chai, na mfuko wa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kulipopambazuka mtu wa nyuma akaanza wimbo wa asubuhi na gari zima likaitikia, mpaka dereva.

Tumefika saa moja na robo. Kanisa Kuu lilikuwa limegeuka karakana. Nyaya nene zimelazwa sakafuni na kubandikwa kwa gundi ya karatasi, taa juu ya vyuma virefu, kamera moja juu ya mkono mrefu kama wa kisima cha kuinulia maji. Jenereta liliwekwa mbali, nyuma ya majengo, ili mngurumo wake usiingie. Dada mmoja akapita mstari kwa mstari na poda, akiwapangusa watu mapaji ya nyuso yasing'ae. Mzee wetu wa besi alimwinulia kidevu kwa utulivu mkubwa, kama anayenyolewa.

Wimbo wa kwanza tumeimba mara tano. Mara ya kwanza feni moja ilikuwa haijazimwa. Mara ya pili simu iliita. Mara ya tatu ikawa nzuri, ndiyo ikachukuliwa kwa sauti. Mbili zilizobaki ni za picha. Baada ya hapo feni zote zikazimwa kwa siku nzima, na chini ya taa zile joto lilianza kupanda. Akina mama waliokuja na mablanketi sasa walikuwa wanapepea kwa karatasi za nota, na fundi sauti akaja kuomba, kwa heshima, wasipepee wakati wa kuimba kwani karatasi zinasikika.

Nilisimama nyuma karibu na meza yake. Ana masikio ya ajabu. Katikati ya wimbo wa nne aliinua kidole: ndege juu ya dari. Tukasubiri ndege aondoke. Hakuna aliyemfukuza.

Saa sita na nusu tukasimama kwa chakula. Ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu adhana ya adhuhuri ingetufikia muda si mrefu baadaye, na mtayarishaji alisema hataki kurekodi juu ya sala ya mtu mwingine. Tukala nje kivulini, adhana ikapita, jirani mmoja Mwislamu akatuletea ndoo ya maji ya baridi. Tabora ndivyo tulivyolelewa.

Saa nane kasorobo umeme wa vipaza sauti ulikatika, jenereta likagoma, na tulikaa karibu saa nzima bila kufanya kitu. Bibi alisinzia, kichwa begani kwa mjukuu. Nilianza kuogopa: wimbo wa Bikira ulikuwa wa nane katika orodha, watu wamechoka, sauti za kwanza zimekauka.

Mitambo ilipoamka, ulikuwa umebaki muda mdogo. Mwalimu akasema wimbo wa Bikira ataomba mara mbili tu, basi tumpe yote. Mara ya kwanza tukaimba. Ulipofika mstari wa tatu, nilisikia kitu nilichokuwa sikukitegemea. Haikuwa Bibi peke yake. Kulia kwangu, kwa watu wa kaskazini, mama mmoja alivuta. Mbele, kundi la wazee wa kusini wakavuta. Kutoka pande zote za kanisa sauti zilipanda zikagusa l, zikakaa, zikashuka, kila moja kwa wakati wake, huku vijana wakiwa wamekwishakata kwenye m na kunyamaza. Kwenye meza, fundi sauti aliondoa kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja akatazama kanisani.

Mwalimu alikata kwa mkono. Kimya. Nilimwona anapitisha macho mabenchini kwa wale wazee, mmoja mmoja. Nilidhani atawakumbusha karatasi. Hakusema neno. Akainama kwa mpiga kinanda, wakanong'onezana, akarudi mahali pake, akainua mikono.

Mara ya pili. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Palipofika pale, mkono wake wa kulia uliokuwa ukishuka ukasimama. Ulikaa hewani, kiganja kimefunguka, pigo zima, lile ambalo halimo. Kanisa lote likamwangalia. Vijana, ambao hawakuwahi kufundishwa, wakabaki kwenye sauti waliyokuwa nayo kwa kuwa mkono haukuwaruhusu kuiacha, na juu yao wazee wakapanda, wakavuta. Kisha kiganja kikashuka taratibu, na watu zaidi ya 300 wakatua kwenye m kwa pamoja.

Sikuwa mwimbaji siku ile. Niliimba.

Mtayarishaji alisubiri mwangwi uishe wote kabla ya kusema asante. Akauliza kama tunaweza kuurudia kwa ajili ya picha za karibu. Tukaurudia mara tatu nyingine, na mkono ulisubiri mara zote tatu.

Tumefika nyumbani saa tatu na nusu usiku. Bibi alishuka garini akashika mlango, akaniambia, “Yule kijana anajua kazi.”

Jumapili, 24 Agosti

Hesabu: mapato 375,000, matumizi 381,000. Elfu sita za ziada ni maji na dawa ya kichwa. Risiti ziko kwenye bahasha mwishoni mwa daftari.

Jumapili, 28 Septemba

Kipindi kimerushwa jioni ya leo. Tuliangalia kwenye nyumba yenye sola kubwa, watu kama sitini uani, televisheni imegeuzwa dirishani. Nyimbo sita kati ya tisa zimetumika. Mzee wetu wa besi ameonekana kwa muda wa mstari mmoja mzima na uwanja ukapiga vigelegele. Dada wawili wa sauti ya pili wameonekana kwa mbali. Bibi hakuonekana.

Wimbo wa Bikira upo. Pale kwenye mstari wa tatu picha iliyochaguliwa ni ya mkono wa mwalimu, kutoka chini, dhidi ya mwanga wa dirisha, umesimama. Bibi haoni vizuri hadi kwenye skrini, hivyo alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, na mjukuu, kwa mazoea, alimgonga goti.

Waliokuwa wameachwa kwenye orodha walikuwepo pia. Nimewaomba radhi mbele ya wenzao.

Jumatano, 1 Oktoba

Kikao cha kwaya baada ya Misa ya Mtakatifu Theresia. Yaliyoamuliwa:

Kila Dominika, wimbo wa kuingia na wa Komunyo utakuwa ule ambao waumini wanaujua, na kwaya itakaa mabenchini, si mbele. Nyimbo mpya zibaki moja kwa mwezi, na zifundishwe kwa wote dakika kumi kabla ya Misa.

Mwalimu atasahihisha nakala zetu za wimbo wa Bikira kwa kalamu: l iongezwe juu, na kistari kimoja zaidi baada yake. Nimepewa kazi ya kukaa na Bibi Alhamisi mchana nikiwa na karatasi tupu, aimbe nyimbo nyingine anazozikumbuka kwa namna ya katekista wake. Amesema zinafika ishirini hivi, na kwamba nije na chai.